Breki Hazitaki Bingwa, Zinataka Muda

Wenye magari wengi wana mpaka ambao hakuna aliyewawekea. Tairi likipata pancha watalibadili wenyewe kando ya barabara, betri ikilala wataomba waya wawashe kutoka kwenye gari la jirani, balbu ikiungua wataichomoa na kuweka nyingine. Ukiwatajia breki wananyoosha mikono juu: hiyo ni kazi ya fundi. Sababu wanayoitoa ni nzito, kwamba breki zikikataa watu hufa, na hakuna wa kuibisha. Ila ndani yake yamechanganywa mambo mawili. Uzito wa matokeo ni jambo moja, ugumu wa kazi ni jingine. Kubadili pedi na diski za mbele za gari dogo la kawaida, tuseme Toyota IST, Vitz au Probox, ni kazi nyepesi kiufundi inayodai uangalifu mwingi. Uangalifu huo unakula muda, na muda ndio kitu ambacho gereji nyingi hazilipwi. Ndiyo maana nashikilia kwamba mwenye gari aliyejifunza hatua zake na kukubali kupoteza Jumamosi nzima anaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko inavyofanywa mara nyingi kwa haraka chini ya mwarobaini.

Tuanze na kazi yenyewe ya breki. Gari la kilo 1,200 likikimbia kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya kama kilojuli 460. Kusimama maana yake ni kuigeuza nishati hiyo yote kuwa joto, na joto hilo lingetosha kuchemsha karibu lita moja na nusu ya maji ya bomba ya Dar es Salaam. Linazalishwa kwa sekunde chache, kwenye vipande vichache vya chuma. Mwendo ukiwa 50 badala ya 100, nishati haishuki hadi nusu, inashuka hadi robo. Ndiyo sababu dereva wa mjini anaweza kuishi na breki mbovu kwa miezi bila kugundua, kisha akagundua siku ya kwanza anapotoka kwenda Morogoro. Gari linapofunga breki uzito wake huinamia mbele, kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo, asilimia 70 hivi. Magari mengi madogo yanayotoka Japani yana diski mbele na dramu nyuma kwa sababu hiyohiyo, na diski za mbele ndizo ninazozizungumzia hapa.

Muundo wa diski nao unamsaidia anayejifunza. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, lakini vifaa vya wakati ule havikumfaa, na dramu zikatawala kwa nusu karne. Jaguar zenye diski ziliposhinda mbio za Le Mans mwaka 1953, na Citroën DS ilipoingia sokoni mwaka 1955 ikiwa nazo, ubishi ulianza kuisha. Dramu ni kopo lililofunikwa, lenye springi na vikono vinavyoruka ukikosea. Diski iko wazi. Ukitoa tairi unaona kila kitu: sahani ya chuma inayozunguka, kalipa iliyoipanda, na ndani ya kalipa pedi mbili zinazoibana sahani hiyo huku na huku. Unapokanyaga pedeli, mafuta ya breki yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi ya ndani, na kalipa nzima inateleza juu ya pini zake mbili ili kuivuta pedi ya nje. Pedi zikiisha, pistoni inasogea mbele kufuata. Hakuna cha kurekebisha kwa mkono.

Pedi mpya huwa na milimita 10 hadi 12 za kitambaa chake cha msuguano juu ya bamba la chuma. Zikibaki 3, wakati umefika, hata kama viwanda vingi huruhusu pungufu ya hapo. Pedi nyingi zina kijiti cha chuma kinachoanza kugusa diski na kupiga mluzi zinapokaribia kwisha. Anayeupuuza mluzi huo atasikia baadaye mkwaruzo wa chuma kwa chuma, na hapo diski nayo imeshaliwa. Diski ina kikomo chake pia, nacho kimeandikwa juu yake yenyewe: unene wa mwisho kwa milimita, umegongwa kwenye ukingo au kwenye sehemu ya katikati, baada ya herufi MIN TH. Kati ya diski mpya na kikomo hicho kwa kawaida kuna milimita 2 tu hivi. Mwenye gari yeyote akiwa na kipimo cha unene cha bei ndogo anaweza kujua hali ya diski zake, na inashangaza ni wangapi wameuziwa diski mpya au wamekataliwa diski mpya pasipo mtu yeyote kupima chochote.

Sasa kazi. Unalegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, unaliinua, unaliweka juu ya stendi, unatoa tairi. Nyuma ya kalipa kuna bolti mbili, kwa kawaida za spana namba 12 au 14. Ukizifungua, kalipa inanyanyuka kutoka kwenye braketi yake na pedi zinachomoka kwa mkono. Braketi nayo imeshikwa na bolti mbili kubwa zaidi, mara nyingi za namba 17. Ikitoka, diski iko huru. Pistoni unairudisha ndani polepole kwa klempu, huku ukitupia jicho kikopo cha mafuta ya breki kisifurike, maana mafuta hayo hubabua rangi ya gari. Kisha unarudisha kila kitu kwa mpangilio uleule kinyumenyume. Pande zote mbili za mbele hubadilishwa pamoja, kamwe si upande mmoja, la sivyo gari litavutia kando unapokanyaga. Hakuna bomba lililofunguliwa, hakuna hewa iliyoingia kwenye mfumo, hakuna haja ya kutoa upepo. Mfumo wa mafuta unabaki umefungwa tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo ndilo linaloiweka kazi hii ndani ya uwezo wa mtu asiye fundi.

Ingekuwa ni hayo tu, nisingekuwa na hoja, kwa sababu hayo fundi yeyote mzoefu anayafanya kwa upande mmoja kabla chai yake haijapoa. Tofauti kati ya kazi nzuri na mbaya iko kwenye mambo ambayo mteja hayaoni. La kwanza ni habu, yaani kitako cha chuma ambacho diski inakaa juu yake. Baada ya miaka habu hupata kutu, na kwa magari ya Tanga, Mombasa au Unguja, yanayovuta hewa ya chumvi kila siku, kutu hiyo huwa magamba. Diski mpya ikiwekwa juu ya gamba moja la kutu haikai sawa. Inapozunguka, ukingo wake unayumba. Kiasi cha kuyumba ambacho viwanda vingi hukiona kuwa kikubwa ni kama sehemu 5 za 100 za milimita, unene ambao jicho haliwezi kuuona. Kwa siku na majuma ya kwanza dereva hahisi kitu. Lakini kila mzunguko diski inagusa pedi mahali palepale, inalika au inapakwa zaidi mahali palepale, na baada ya kilomita elfu kadhaa unene wake hautoshani tena. Usukani unaanza kutetemeka kila unapofunga breki. Mwenye gari anarudi gereji, anaambiwa diski zimepinda kwa joto au alinunua spea feki, ananunua nyingine, nazo zinawekwa juu ya kutu ileile.

Dawa yake ni brashi ya waya, msasa, na dakika 15 kwa kila upande. La pili ni zile pini mbili ambazo kalipa inatelezea. Zinatakiwa kuchomolewa, kufutwa grisi kuukuu, kukaguliwa kama zimeota kutu, na kupakwa grisi maalumu ya breki inayovumilia joto na isiyodhuru mpira. Grisi ya kawaida ya beringi, au tone la oili ya injini, huvimbisha mipira ya breki, na pini iliyozungukwa na mpira uliovimba inaganda mahali pake. La tatu ni vile vibati vyembamba kwenye braketi ambamo masikio ya pedi hukaa; chini yake kutu hujikusanya na kuzibana pedi zisirudi. Vibati vinatakiwa kutolewa, chini yake pakwanguliwe, na pedi mpya ziingie kwa kusukumwa na kidole. Zikihitaji nyundo, kuna kitu hakijasafishwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kipaji. Ni kazi ya kusugua.

Fundi anayeruka hatua hizi si mvivu, wala si kwamba hazijui. Analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa. Magari mawili yanasubiri, na mwenye gari amekaa kwenye benchi akiuliza kila baada ya dakika tano kama bado. Mteja huyo anaweza kulinganisha bei ya fundi huyu na ya yule wa ng'ambo ya barabara, lakini hawezi kulinganisha usafi wa habu, kwa kuwa tairi likisharudi habu haionekani. Soko likishindwa kuona ubora, haliulipii, na kisicholipiwa hupungua. Hili ni kweli kwa gereji bubu za Dar es Salaam na kwa za jua kali za Nairobi, na sidhani kuwa ni tofauti sana kwenye gereji zenye vigae na mashine ya kahawa. Mwenye gari peke yake ndiye ambaye faida ya dakika zile 15 inamrudia yeye mwenyewe.

Kuna faida nyingine ambayo naiona kubwa kuliko fedha, nayo ni pedi zilizotoka. Gereji huzitupa. Anayezitoa mwenyewe anaweza kuzipanga nne chini na kuzisoma. Kama pedi ya ndani imekwisha na ya nje bado nene, pini zimeganda au pistoni hairudi vizuri. Kama pedi imeliwa kishazari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kalipa haitelezi sawasawa. Kama gurudumu la kushoto limemaliza pedi zake na la kulia halijafika nusu, shida inaweza kuwa pistoni, au mpira wa breki uliooza kwa ndani na kuyazuia mafuta yasirudi. Kuweka pedi mpya bila kutibu sababu ni kuzipeleka mpya kwenye ugonjwa uleule. Taarifa hizi zote zinaishia kwenye pipa la takataka kila siku, na mwenye gari anaondoka akiwa ameambiwa tu kwamba pedi zilikuwa zimekwisha.

Atakayepinga atasema: sawa, lakini kosa moja linaua. Ni kweli, basi tuyatazame makosa yenyewe. Linaloua kabla gari halijatoka uani ni gari kumwangukia mtu. Jeki ni ya kuinulia tu; gari halikai juu yake mtu akiwa anafanya kazi, na tofali la saruji halichukui nafasi ya stendi, kwa sababu tofali hupasuka ghafla bila kuonya. Gari liwe kwenye sakafu ngumu iliyo tambarare, gia ikiwa imeingia au iko P, hendibreki imevutwa, kabari nyuma ya matairi ya nyuma, stendi chini ya sehemu ambazo kitabu cha gari kinazitaja, na tairi lililotolewa lilazwe chini ya ubavu wa gari kama akiba. Asiye na stendi asianze. Hili halina mjadala, na ndilo sharti pekee ambalo naona linaweza kumkatisha tamaa mtu kwa haki.

Kosa la pili kwa ukubwa hutokea kazi ikiwa imeisha. Pistoni zimerudishwa ndani, kati yake na pedi kuna nafasi, na mara ya kwanza pedeli ikikanyagwa inazama hadi chini bila kushika chochote. Anayewasha gari na kurudi nyuma kwa furaha atagonga ukuta, au mtu. Kabla ya kuwasha injini pedeli ikanyagwe tena na tena mpaka iwe ngumu, kisha mafuta kwenye kikopo yaangaliwe. Yapo makosa mengine: kalipa kuachwa ining'inie kwa mpira wake badala ya kufungwa kwa waya kwenye springi, mkono wenye grisi kushika uso wa pedi, diski mpya kuwekwa bila kuoshwa mafuta ya kuzuia kutu yaliyopakwa kiwandani, bolti ya braketi kusahaulika ikiwa imekazwa kwa vidole tu. Nikiyapanga yote haya silioni hata moja linalotokana na kukosa kipaji cha ufundi. Yote yanatoka kwenye kuruka hatua. Mtu mwenye karatasi iliyoandikwa hatua moja moja, anayeweka alama kila amalizapo, ana kinga dhidi ya makosa haya ambayo mzoefu mwenye haraka hana.

Kuhusu kukaza, tusibahatishe. Nati za tairi za Toyota nyingi ndogo zinatakiwa kukazwa kwa nguvu ya nyutoni mita 103. Bolti za braketi huwa karibu na hapo, na zile ndogo za kalipa zinahitaji kama theluthi yake tu. Torki spana ndiyo inayopima. Kijana wa gereji anayesimama juu ya spana na kuruka hafanyi kosa dogo, kwani nati zilizokazwa kupita kiasi na kwa viwango tofauti huivuta diski ikae vibaya kwenye habu, na tunarudi palepale kwenye mtetemo wa usukani. Diski iliyogandamana na habu nayo ina njia yake. Watu wengi huipiga nyundo, na kila pigo linaingia kwenye beringi. Diski za Toyota zina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Ingiza humo bolti mbili za milimita 8, uzikaze kwa zamu, na diski itajisukuma yenyewe itoke. Wanaoijua siri hiyo ni wachache kuliko wanavyostahili kuwa.

Vumbi ni jambo ambalo gereji zetu hazilichukulii kwa uzito hata kidogo. Kwa miongo mingi pedi na viatu vya breki vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka. Nchi za Ulaya, Japani na Australia zimeipiga marufuku, lakini haimaanishi kwamba kila pedi ya bei ya chini inayouzwa duniani haina asbesto, na vumbi la pedi haliandikwi lebo. Hewa ya kompresa inayopuliza vumbi la breki usoni mwa kijana mwanafunzi wa ufundi ni ya kukomeshwa. Nyumbani kazi ni rahisi: lowesha kwa maji ya sabuni au dawa ya kusafishia breki, futa kwa kitambaa kibichi, kitambaa kiingie kwenye mfuko na kufungwa, na barakoa ivaliwe. Watoto wasogee mbali, ingawa najua ndio watakaokuwa wa kwanza kutaka kuchungulia.

Pingamizi la gharama lina nguvu zaidi. Stendi mbili, torki spana, klempu, brashi na grisi, ukijumlisha, vinazidi ujira wa fundi kwa mara moja, pengine kwa mara kadhaa. Anayetafuta kuokoa fedha kwenye kazi ya kwanza atajikuta amepata hasara, na sitamdanganya. Vifaa hivyo hata hivyo havichakai kwa kutumika mara moja kwa mwaka. Majirani watatu wenye magari wanaweza kuchangia seti moja, na torki spana hiyohiyo itatumika kila tairi linapotolewa. Asiye na mahali tambarare, anayeegesha kwenye mchanga au kando ya barabara, hana cha kununua kitakachomtatulia tatizo lake, na aende gereji.

Kuna wanaouliza pia kama ina maana kujisumbua ilhali maduka ya spea yamejaa bandia. Nadhani swali hili linatetea upande wangu. Anayefunga mwenyewe ndiye anayenunua mwenyewe, na anayenunua mwenyewe anaweza kugeuza pedi na kusoma mgongo wake. Pedi zilizoidhinishwa kwa kanuni ya Ulaya namba 90 zina herufi E ndani ya duara ikifuatiwa na namba inayotaja 90R. Kanuni hiyo inataka nguvu ya pedi ya kubadilishia isitofautiane na ile ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Nyingine zina herufi mbili kama FF au GF, ambazo ni vipimo vya msuguano, ya kwanza breki zikiwa na joto la kawaida na ya pili zikiwa moto. F ni kati ya 0.35 na 0.45, E iko chini yake. Pedi iliyoandikwa FE inapoteza nguvu inapopata moto, nayo haifai kwa mtu anayeshuka mlima wa Kitonga na familia nzima na magunia. Mihuri inaweza kughushiwa, ndiyo, lakini mghushi mara nyingi hukosea: maandishi yaliyopinda, ukingo unaomomonyoka kwa ukucha, boksi lisilo na namba yoyote. Dukani Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na namba ya chesisi na pedi ya zamani kama sampuli, kwa maana IST ya NCP60 na ndugu yake wa NCP61 si lazima wavae kitu kimoja, na muuzaji mwenye haraka atakupa kinachokaribiana.

Na diski kuukuu, zichongwe au zibadilishwe? Kuchonga kwenye mashine kunafaa ikiwa unene utabaki juu ya kikomo baada ya kuchongwa, na watu wengi wanasahau maneno hayo ya mwisho. Diski nyembamba hubeba joto kidogo, hupata moto haraka, na huyaunguza mafuta ya breki. Ikiwa imebakiza nusu milimita kufika kikomo, fedha ya kuchonga ni fedha ya kuahirisha tu.

Pingamizi la mwisho ni la kiutu: mafundi watakula nini? Silipuuzi, kwa kuwa gereji bubu zimewapa riziki vijana wengi ambao shule haikuwapa. Lakini mteja anayejua habu ni nini ndiye atakayekubali kulipa zaidi kwa fundi anayeisafisha. Leo fundi mwangalifu na fundi mpigaji wanalipwa sawa, na anayeumia ni yule mwangalifu, anayemaliza magari mawili kwa siku badala ya matano. Kila mwenye gari aliyewahi kuifanya kazi hii hata mara moja anaondoka akijua ina thamani gani, na hata akirudi gereji maisha yake yote, anarudi akiwa mteja wa aina nyingine.

Pedi na diski mpya zinahitaji kuzoeana. Kwenye barabara isiyo na magari mengi, endesha hadi kilomita 60 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani mpaka ufike 15 hivi, usisimame kabisa, ongeza tena mwendo. Rudia mara kumi, kisha endesha kwa dakika kadhaa bila kugusa breki ili zipoe. Kinachofanyika ni kwamba utando mwembamba wa pedi unajipaka sawasawa juu ya diski. Ukisimama na kushikilia pedeli diski zikiwa moto, utando unaganda kama kovu mahali pamoja. Baada ya kilomita 100 kaza nati za tairi tena kwa torki spana, na uangalie kama kuna mahali pametoa unyevu.

Mipaka ipo, na nisipoitaja nitakuwa nimeidhulumu hoja yangu mwenyewe. Toyota Aqua na Prius zina breki zinazoendeshwa kwa umeme, ambazo pampu yake inaweza kuamka ukifungua mlango tu na kusukuma pistoni ukiwa na vidole humo ndani. Zina utaratibu wake wa kuzimwa. Magari yenye hendibreki ya kitufe yanahitaji mashine ya kompyuta kurudisha pistoni za nyuma. Diski za nyuma zenye hendibreki ndani ya kalipa zina pistoni zinazorudi kwa kuzungushwa, na anayezisukuma kwa klempu anazivunja. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa: DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, yakishanyonya asilimia 3.7 ya maji hushuka hadi 140, na pwani yetu ina unyevu wa kutosha. Kuyabadili kila miaka miwili ni jambo la lazima, lakini huko ni kufungua mfumo, na kwenye ABS upepo ukiingia ni kazi ya mwenye vifaa vyake. Pedeli ikiwa laini hata baada ya kukanyagwa mara nyingi, pistoni ikikataa kurudi, mpira ukiwa na nyufa au bolti ikikatika, kazi ya nyumbani imeishia hapo. Gari lisiendeshwe hata hadi barabara kuu. Fundi aitwe aje, na aonyeshwe zile pedi nne zilizotoka, zikiwa zimeandikwa kwa kalamu ipi ilikuwa ya ndani na ipi ya nje.